Kabati Lililoua Televisheni ya Mjomba

Leo naomba tuwapumzishe wanasiasa kidogo, tuzungumzie joto. Si joto la uchaguzi. Nazungumzia lile linalokaa ndani ya kabati la sebuleni, pamoja na televisheni, deki, risiva, king'amuzi na lile sabufa ulilonunua kwa mkopo na bado unalilipia.

Ngoja nianze na kisa cha nyumbani, halafu twende kwenye historia, kisha turudi nyumbani tena.

Mjomba wangu wa Magomeni alinunua televisheni ya rangi, inchi 20, mwishoni mwa 1997. Mtakumbuka kwamba Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Kwa hiyo mtaani kwetu televisheni ilikuwa bado mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima halali barazani. Mjomba akaenda Keko, akachongesha kabati la mninga lenye milango miwili na kitasa. Mkewe akafuma kitambaa cheupe, kikatandikwa juu ya televisheni na kuning'inia hadi mgongoni kwake. Nyuma ya kabati fundi akapigilia plaiwudi, kabati likasukumwa hadi likagusa ukuta. Likapendeza kweli.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa darasa la sita. Siku moja picha ilikuwa na chenga, naye akang'oa misumari na kubandua plaiwudi ya nyuma ili aufikie waya wa antena. Picha ikatulia. Plaiwudi akaiacha imeegemea ukuta, na kabati likabaki wazi mgongoni kwa wiki kadhaa bila mtu kujua. Mjomba alipogundua, mnajua wenyewe kilichofuata. Bakora zilitembea, plaiwudi ikapigiliwa upya kwa misumari mirefu zaidi, kabati likarudishwa ukutani.

Televisheni ikafa Februari 1998, mwezi ambao Dar haina huruma na mtu. Mashtaka yalikuwa tayari: mtoto alichezea nyaya. Fundi wa Kariakoo aliifungua, akatuonyesha kapasita zilizovimba vichwa kama maandazi na ubao wa saketi uliobadilika rangi, akasema maneno ambayo mimi niliyashika hadi leo: "Hii haikuchezewa. Hii imekosa hewa." Mjomba hakumsikia, au alimsikia akaona ni porojo za fundi. Tangu lini chombo cha umeme kikapumua? Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa, ambalo ndilo lililofanya televisheni inunuliwe, tukalisikiliza redioni. Na binamu yangu akabaki na jina la "mharibifu" kwa miaka zaidi ya 20.

Sasa basi. Nilipokua na kuanza kazi hii ya kuulizauliza watu maswali, swali moja halikuniacha: ni nani aliyewahi kufikiri kwamba mashine yenye joto inafaa kufungiwa kabatini? Nimesoma huku na kule, na jibu nililopata ni kwamba hakuna aliyefikiri hivyo. Kabati lilitangulia, joto likaja baadaye.

Mwaka 1906 kampuni ya Marekani ya Victor Talking Machine ilitoa gramafoni iliyoitwa Victrola. Kabla yake gramafoni zilikuwa na tarumbeta kubwa lililochomoza juu kama ua la boga, na wenye sebule nadhifu hawakupenda kulitazama. Victor wakalikunja tarumbeta, wakalielekeza chini na kulificha ndani ya kabati la mbao. Ukitaka sauti kubwa, unafungua vijilango vya mbele. Ukitaka ipungue, unavifunga. Bei yake ilikuwa dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na bado watu walinunua. Hapo ndipo chombo cha muziki kilipogeuka kuwa fanicha.

Angalieni jambo moja. Gramafoni ile iliendeshwa kwa kamani, unaizungusha kwa mkono kama saa ya ukutani. Haikuwa na umeme, wala joto la kutisha. Kuifungia kabatini hakukuidhuru. Hata santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zilipochezwa kwenye gramafoni za kamani huku pwani, mashine haikuhitaji hewa. Ilihitaji sindano tu.

Kisha ikaja redio. Moyo wa redio za zamani ulikuwa vali, kile kichupa cha kioo kinachofanana na balbu. Mwingereza John Ambrose Fleming alivumbua ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaiongezea kiungo cha tatu mwaka 1906, ikaweza kukuza sauti. Vali haifanyi kazi mpaka ipashwe moto. Ndani yake kuna kijiti ambacho lazima kifike mamia ya nyuzi ndipo elektroni ziruke. Yaani joto si kasoro yake, ndiyo kazi yake. Mkitaka kujua ukubwa wa jambo hili, tazameni ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946. Ilikuwa na vali zipatazo 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Karibu umeme wote ule uliishia kuwa joto, na chumba chake kilihitaji mitambo mikubwa ya kupuliza hewa.

Redio ya sebuleni ilikuwa na vali tano au sita tu, lakini wateja walishazoea kabati zuri la mbao, na watengenezaji hawakutaka kuwanyima. Wakafanya ujanja rahisi: mbele mbao iliyong'arishwa, nyuma kipande chepesi cha ubao wa nyuzi kilichotobolewa matundu mengi. Hewa baridi iliingia kwa chini, ikapita kwenye vali, ikapata joto, ikapanda na kutokea matundu ya juu. Hakukuwa na feni wala mlio wowote. Sharti lilikuwa moja, usiibananishe redio na ukuta.

Hapa ndipo ninapopata uchungu kidogo, kwa sababu somo hilo sisi watu wa pwani tulikuwa nalo zamani. Itazame nyumba ya makuti. Kati ya kichwa cha ukuta na paa kuna uwazi, na joto la ndani linatokea pale. Zitazame nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe, zilivyo na dari za juu na ua katikati. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa baraza pana kila ghorofa ili jua lisiguse kuta za ndani. Kule Dubai, mtaa wa zamani wa Al Fahidi una minara ya kukamata upepo na kuushusha vyumbani. Wote hawa walijua kitu kimoja: hewa ya moto hupanda, basi ifungulie mlango juu, na mwenzake aingie kwa chini. Babu zetu waliijengea hewa njia ndani ya nyumba nzima, halafu sisi wajukuu tukasahau kuijengea njia ndani ya kabati.

Tulisahaulishwa na transista. Ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, Marekani, na Bardeen, Brattain na Shockley wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1956. Transista haihitaji kupashwa moto. Mwaka 1954 ikatoka Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, ndogo ya kutia mfukoni. Redio za betri zikaenea kila kona, mtu akaning'iniza yake kwenye baiskeli, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba redio haina joto. Kwa redio ndogo ni kweli. Lakini amplifaya yenye nguvu, hata ya transista, ni habari nyingine. Aina iliyotawala kwa miongo mingi hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto, ndiyo maana mgongoni au ndani yake kuna mapezi ya alumini. Yale si urembo. Ni njia ya joto kutoka kwenye transista na kuingia hewani, na kama hewa yenyewe imesimama na imeshachemka, mapezi hayana pa kulipeleka.

Ikaja zama ya sinema ya nyumbani. Kaseti za VHS mwaka 1976, Dolby Surround ya majumbani mwaka 1982, Dolby Digital kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, DVD Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Sauti ambayo zamani ilitoka spika moja au mbili sasa ikatoka tano, pamoja na sabufa. Risiva moja ikabeba amplifaya tano, baadaye saba, ndani ya boksi lilelile. Na boksi hilo tuliliweka wapi? Kabatini, chini ya deki, juu ya amplifaya ya zamani, kila chombo kikimpumulia mwenzake. Victrola ilikuwa imetuachia desturi, nasi tukaifuata bila kuuliza.

Sasa twende kwenye kelele, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu akigundua kabati lake linachemka, anakimbilia feni. Anachukua kifeni kidogo kutoka kwenye kompyuta mbovu, anakipachika, kinaanza kulia kama mbu. Kwenye sinema, pale mhusika anaponong'ona siri yake, wewe unasikia mbu. Baada ya wiki unakizima, na joto linarudi.

Hata makampuni makubwa yamenaswa katika mtego huu wa joto, nafasi na kelele. Xbox 360 ya Microsoft ilitoka Novemba 2005 ikiwa na nguvu nyingi ndani ya boksi jembamba. Mashine nyingi zikaanza kufa, taa nyekundu zikiwaka usoni pake. Julai 2007 Microsoft ikatangaza kurefusha dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. Tatizo kubwa lilikuwa ule mzunguko wa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, uliochosha viungio vidogo vinavyounganisha vichipu hadi vikaachia.

Wapenzi wa kompyuta ndio waliopata dawa, na dawa yenyewe ni hesabu. Feni ukiipunguza mwendo kwa nusu, hewa inayosukuma inapungua kwa nusu, lakini kelele yake inashuka kwa takriban desibeli 15, yaani inapungua sana kuliko hewa. Kwa hiyo usitafute feni yenye hasira. Tafuta feni pana, ya milimita 120 au zaidi, halafu iendeshe polepole. Ile ya volti 12 ilishe volti 7 hivi. Itazunguka kwa upole na hutajua kama ipo.

Hewa kiasi gani inatosha? Tuseme vyombo vyako vyote vinatoa joto la wati 200, na unataka hewa itokayo kabatini isizidi ya sebuleni kwa zaidi ya nyuzi 10. Unahitaji lita 17 za hewa kwa sekunde, kama mita za ujazo 60 kwa saa. Feni moja pana au mbili za polepole zinakaribia hapo, ilimradi hewa ina njia. Na njia ndiyo kila kitu. Tundu la kuingilia liwe chini, la kutokea liwe juu upande wa pili, ili hewa ipite katikati ya vyombo badala ya kukatiza pembeni. Matundu yawe makubwa, maana tundu dogo linaifanya hewa ipige mluzi. Feni ikae kwenye vipande vya mpira isitikise mbao, kwa sababu ubao mwembamba ukitikiswa unageuka ngoma. Kile chenye joto zaidi, kwa kawaida risiva, kikae juu karibu na njia ya kutokea, kisiwe chini kuwachemshia wenzake. Kabati liachane na ukuta walau kwa upana wa kiganja. Na vumbi lipanguswe, kwa sababu vumbi ni blanketi.

Kwa nini nahangaika na nyuzi 10? Kwa sababu ya zile kapasita za fundi wa Kariakoo. Ndani yake kuna majimaji yanayokauka taratibu, na mafundi wana kanuni yao: kila joto likiongezeka nyuzi 10, maisha ya kapasita yanapungua kwa nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105 itaishi kama saa 32,000 kwenye nyuzi 65. Kwa anayewasha saa sita kila siku hiyo ni miaka 14 na ushee. Ikikaa kwenye nyuzi 75, ni miaka saba. Kwenye nyuzi 85, ni miaka mitatu na nusu. Hakuna moshi wala mlipuko utakaouona. Ni chombo tu kilichokufa mapema, na wewe unalaumu umeme, au unamlaumu mtoto.

Tusijidanganye kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na kila nyumba ikalazimika kuongeza king'amuzi. Kishike kile ulichokizima kwa rimoti asubuhi, mara nyingi utakikuta bado cha uvuguvugu. Hakilali. Ni kweli amplifaya za kisasa zinapoteza joto dogo kuliko za zamani, na televisheni bapa imehamia ukutani. Lakini mashine ya michezo kama PlayStation 5 iliyotoka mwaka 2020 hutumia kama wati 200 ukiwa mchezoni, na kuna anayeisukumiza kwenye tundu la kabati linaloitosha kama soksi.

Nirudi Magomeni. Mjomba amezeeka sasa, na mwaka jana aliniita akanikabidhi lile kabati la mninga. Mbao bado ni nzima, kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa ndani yake. Nikamwomba binamu yangu, ambaye siku hizi ni baba wa watoto wawili, aje tulikate mgongo kabla ya kulihamisha. Tukang'oa ile plaiwudi ya misumari mirefu. Nyuma yake, usawa wa pale televisheni ilipokaa, mbao ilikuwa na doa la kahawia, limebaki pale tangu 1998.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka anatutazama. Nikamweleza yote niliyowaeleza hapa, kwa ufupi, na kwa adabu inayostahili. Nikamwambia kwamba zile wiki plaiwudi ilipokuwa imebanduliwa ndizo wiki televisheni yake ilipopumua. Alinyamaza muda mrefu. Akainuka, akaja kulipapasa lile doa kwa kidole, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kumbe ulikuwa umeitibu," akasema. "Haya, mharibifu, lete msumeno huo nikushikie ubao."

Binamu yangu alicheka, lakini niliona alivyogeuka kando kutafuta penseli iliyokuwa tayari mkononi mwake.

Kabati liko kwangu sasa. Lina tundu refu chini, feni pana mbili juu, na upenyo wa kiganja kati yake na ukuta. Juzi usiku nilitazama sinema hadi mwisho na sauti ya ndani ya kabati sikuisikia kabisa. Kitambaa cheupe nimekitunza pia, ila kipo mezani, kinakofaa.

Kabla hujalala leo, nenda ukalifungue kabati lako, uingize mkono. Ukiurudisha haraka, umeshajua la kufanya kesho.

Alamsiki.